Kayaki Niliyoichagua Polepole

Kayaki ile niliichagua mimi, na niliichagua polepole kwa makusudi. Watu waliokuja msibani walinisifu kwa ajili yake. "Ulimpenda mumeo, mama! Mwanamke gani hapa Kigali anamtengenezea mume chombo cha kuvulia samaki?" Nilikuwa nainamisha kichwa, nao wakadhani ni haya. Hawakujua kwamba kila wiki niliyoiongeza pale kwa fundi niliiiba mahali pengine, na niliyemwibia ni mgonjwa mwenyewe.

Ngoja nianze vizuri, maana mimi nikiwa na hasira huanzia katikati.

Nimekulia Bujumbura. Mume wangu alikulia Mwanza. Wote Wanyarwanda, wote tulirudi nchini tukiwa watu wazima, na tulipokutana lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili. Yeye alinicheka, eti changu ni Kiswahili cha sokoni. Mimi nilimjibu kwamba chake ni cha redio. Nyumbani kwetu Kibagabaga ilikuwa Kiswahili ndani, Kinyarwanda getini, na majirani walishazoea. Yeye alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda vilima na kamba na vigingi. Mimi nashona mapazia, nina duka langu dogo Gisimenti, jirani na mchoma mishikaki ambaye moshi wake umeshaniharibia vitambaa vingi. Watoto wetu wawili wako mbali, mmoja masomoni, mwingine ameolewa.

Na kule Mwanza alibaki dada yake. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akampeleka shule, akamfundisha kutupa ndoano akiwa amekaa juu ya mawe kando ya ziwa. Mume wangu akimtaja alisema "dada" tu, bila kuongeza neno, kama vile duniani kuna dada mmoja.

Siku ya kuchukua majibu ya vipimo, yeye alibaki kwenye gari kwa sababu tumbo lilikuwa linamsumbua. Nikaingia kwa daktari peke yangu. Alikuwa kijana mpole. Alisema angependa kuzungumza na mgonjwa mwenyewe. Nikamwambia, "Mimi ndiye mke wake, nianzie mimi." Akaniambia. Saratani ya ini, na imeshasambaa. Nilipombana kuhusu muda, akasema labda miezi sita, labda kidogo zaidi. Kisha akaongeza neno ambalo sijawahi kulisahau hata siku moja: kama kuna safari mgonjwa anaitamani, aifanye sasa, miguu ikiwa bado na nguvu. Nikamwomba aniachie mimi kazi ya kumwambia. Alikubali kwa shingo upande.

Nilipofungua mlango wa gari nikasema, "Vidonda vya tumbo. Vimekomaa, lakini vinatibika."

"Afadhali!" akasema. "Nilishaanza kuwagawia watu viatu vyangu." Akacheka, nami nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Kwetu mtu haambiwi kwamba anakufa. Bibi yangu hakuambiwa. Baba yangu hakuambiwa. Tunasema ukimwambia umemuua kabla ya siku yake, maana moyo ukishakata tamaa hata dawa haifanyi kazi. Niliamini hivyo, na sehemu fulani ya moyo wangu bado inaamini. Najua wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hiyo huambiwa mgonjwa anayejificha. Mke anayemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, huyo sikujua methali yake.

Siku ileile, tukiwa mezani, akasema, "Nikipata nafuu kidogo, kwanza naenda Mwanza kwa dada."

 Wifi yangu si mtu wa kumung'unya maneno. Nilimwona tayari amesimama mlangoni pake, anamtazama mdogo wake, anashika kichwa, anapiga ukunga mtaa mzima usikie: "Jamani, mdogo wangu amekwisha!" Na mume wangu angejua palepale. Halafu kuna jambo jingine, na hili sikumwambia hata padri: sikutaka kumgawana na mtu. Kama ni miezi sita, nilitaka yote iwe yangu.

Basi nikasema, "Na tumbo hilo? Basi mpaka Rusumo mpakani, kutoka Rusumo uendelee? Pata nguvu kwanza." Nikaona amenyong'onyea. Nikatafuta cha kumpa, na kilichokuja kichwani ni kile nilichokuwa nimekikataa miaka na miaka. Alikuwa anaota kayaki, ile mitumbwi miembamba ya mtu mmoja, akavue ziwani Muhazi. Mimi nilikuwa namwambia aache utoto. Siku hiyo nikasema, "Unajua nini, mzee? Ile kayaki yako tuitengenezeshe. Ukishavua mara mbili tatu mwili ukachangamka, ndipo uende Mwanza, umpelekee dada picha za samaki."

Aliacha kula akanitazama. "Wewe? Wewe ndiye unayesema?" Akaanza palepale kunieleza habari za makasia. Nilijiona mwerevu sana.

Fundi tulielekezwa na mteja wangu mmoja wa mapazia. Alikuwa na karakana uani mwa nyumba, chini ya kilima cha Rebero, mabati juu, na harufu ya resini, ile gundi ya kugandishia faiba, inayokuingia puani isitoke siku mbili. Alikulia Bukavu. Alifanya kazi peke yake, kayaki moja baada ya nyingine, akitandika tabaka za faiba ndani ya kalibu kwa brashi, taratibu, na hakuwa na haraka na mtu yeyote.

Tulikwenda wote wawili. Wakati huo mume wangu alikuwa bado hajapungua sana, na alivaa koti lake kubwa. Fundi alikuwa na aina mbili. Moja ni nyembamba, unaingiza miguu ndani na kukaa chini, inakwenda kasi. Nyingine ni pana, unakaa juu yake, sakafu yake ina matundu ya kutolea maji. Mume wangu akaipapasa ile nyembamba.

"Hii ndiyo."

"Hapana, mzee," fundi akasema. "Hii ni ya kukimbia. Wewe unaenda kuvua. Utageuka kushika samaki, nayo itageuka na wewe. Ile pana unaweza hata kusimama. Na ukianguka unapanda tena, haijai maji."

"Na akipanda mzee wa vidonda vya tumbo?" mume wangu akauliza, wakacheka. Tukachukua pana.

Vikaja vikorokoro. Hapo ndipo nilipopata mchezo wangu. Fundi alikuwa mtu mwaminifu, alituambia cha kununua na cha kuacha. Vishikio vitatu vya fimbo za kuvulia, viwili nyuma na kimoja mbele, vinatosha. Kasia lichaguliwe kwa urefu wa mtu na upana wa chombo, na lifungwe kamba, maana kasia likikuponyoka umebaki kuomba Mungu. Nanga ndogo ya nondo aliyoichomelea mwenyewe. Mfuko usioingia maji kwa ajili ya simu. Kreti ya soda ya kufunga nyuma, ya kuwekea ndoano na samaki. Jaketi la kujiokoa, na filimbi juu yake. Mume wangu aliuliza kuhusu kile chombo cha umeme kinachoonyesha samaki walipo. Fundi akatikisa kichwa. "Pale Muhazi samaki unauliza wavuvi. Ni bure."

Mtu mwingine angemaliza yote siku moja. Mimi nilimaliza kwa miezi. Nilichagua rangi ya kijani, fundi alipokwisha kununua rangi nikasema machungwa, ili aonekane kwa mbali. Nikasema vishikio vya nyuma vimekaa vibaya. Nikasema tusubiri jaketi jingine, hili linabana kwapani. Nikadai kigari cha magurudumu mawili cha kuisukumia hadi majini, fundi hakuwa nacho, ikabidi akibuni. Masika ikaingia, resini ikawa haikauki vizuri, nikamshukuru Mungu kwa mvua. Kila mume wangu aliposema "Mwanza," nilisema, "Kayaki kwanza, mzee, imebaki kidogo."

"Mama watoto," aliniambia siku moja, "ungechagua hivi wakati wa kunichagua mimi, tusingeoana mpaka leo."

Huku mwili wake unakwisha. Nami ni mshonaji. Nilikuwa nachukua suruali zake akiwa amelala mchana, nazibana mshono wa nyuma, sentimita moja leo, moja wiki ijayo, uzi wa rangi ileile. Mkanda nao. Mtu akikonda hutambua kwa matundu ya mkanda. Basi niliufungua kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia, nikaukata upande ule, nikaurudishia, ili kila asubuhi afunge tundu lake lilelile la siku zote. Mizani ya bafuni nilisema imeharibika, nikaitoa. Akijitazama kwenye kioo na kusema, "Naona shingo," nilimjibu, "Uzee huo, mzee wangu, ulitaka ubaki bwana harusi?"

Kisha fundi akanipigia simu. Kimebaki kiti, nimlete mwenyewe.

Huyu fundi alikuwa na namna yake. Hakuuza kayaki bila kumpima mwenye nayo. Alikuwa na beseni pana la mchanga mbichi, amelisawazisha vizuri. Anakukalisha hapo dakika kadhaa, bila kutikisika, unainuka, na alama uliyoiacha ndiyo anayoitumia kuchonga kiti, chenye kingo za kukushika kiunoni. Alisema mtu anayevua anakaa saa nyingi, kiti kisipokuwa chake mgongo utamsema. Na kilo alitaka azijue, kwa sababu aliweka uzito ndani ya chombo kulingana na mtu.

Ningempelekaje? Angepanda mizani ya fundi. Angeiona namba.

Nikamchukua shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Yeye alikuwa anajua, nilimwambia tangu mwanzo, na kumwambia huko kulimzeesha. Hao wawili tangu utotoni mwili wao ulikuwa mmoja, walivaliana mashati. Nikamwambia fundi kwamba mwenyewe ana shughuli, huyu ni mdogo wake, ni mwili uleule.

Fundi akakuna kichwa. "Mama, kila mutu iko na matako yake."

"Hawa wametoka tumbo moja, fundi. Pima."

"Yule mzee niliyemuona na koti…"

"Ala! Unanifundisha mume wangu? Pima, bwana."

Shemeji akakaa kwenye mchanga. Alikaa ameangalia ukutani. Fundi akauliza kilo za mwenyewe, nikamtajia zile za zamani, kabla ya ugonjwa. Ningeweza kumtajia za kweli, nilizijua, nilikuwa nazisoma hospitalini kila mara, ambako karatasi zote alikuwa ananiachia mimi. Mdomo ulikataa. Nilifikiri nikizitamka mbele ya mtu, basi zitakuwa zimekuwa kweli. Shemeji alipoinuka, nikaona kwenye mchanga alama ya mume wangu jinsi alivyokuwa, mapana yake yote. Nilitoka nje nikasimama kwenye mlango wa karakana mpaka fundi alipomaliza.

Siku ya kuishusha majini tulikwenda watu wanne: mume wangu, mimi, shemeji aliyeendesha pikapu ya kukodi, na fundi, ambaye hakuacha chombo chake kiguse maji mara ya kwanza bila yeye kuwepo. Ilikuwa asubuhi nzuri. Wanawake wawili walikuwa wanafua nguo kando ya ziwa, wakaacha kufua kutuangalia. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka ulipoanza. Jaketi nilikuwa nimeshalikaza mikanda nyumbani, likamkaa sawa. Fundi akaisukuma kayaki mpaka maji ya kifundo cha mguu, akaishika. Mume wangu akakaa.

Kiti kilimmeza. Kilikuwa na nafasi huku na huku, na chombo kikaanza kucheza kushoto na kulia kwa sababu yeye alikuwa anateleza ndani yake. Alijiweka sawa, akateleza tena. Kisha akatulia. Akaingiza kiganja pembeni mwa nyonga, upande wa kulia, vidole vinne vikaingia vyote. Akaingiza upande wa kushoto. Vinne.

"Fundi," akasema, "kiti hiki ni cha nani?"

Niliruka kabla fundi hajafungua mdomo. "Ebo! Fundi, umefanya nini? Nilikupa vipimo, nikakupa kilo, ukatuletea beseni? Wewe ni fundi au mbomoaji? Mtu amesubiri miezi, unakuja kumwaibisha mbele za watu!" Nilipiga kelele, jamani, na kadiri nilivyopiga ndivyo nilivyoanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Wale wanawake wakatazama chini.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama shemeji. Akasema polepole, "Pardon, mzee. Kosa iko yangu."

"Hapana," mume wangu akasema. "Nimekula kwa vipimo maisha yangu yote. Kiti kilichokosewa nakijua. Hiki hakikukosewa. Hiki kimepimwa vizuri kabisa, kwa mtu." Akamtazama mdogo wake. "Njoo ukae."

Shemeji hakusogea. Alinitazama mimi.

"Usimtazame yeye. Njoo ukae."

Akashuka yeye, akapanda shemeji. Kiti kilimkaa kama kifuniko na sufuria yake. Na shemeji yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kulia palepale juu ya kayaki ya rangi ya machungwa, machozi yanamtoka, mikono imeshika kingo.

 Mume wangu alifungua mkanda wake, akaugeuza, akatazama upande wa bizimu, pale ngozi ilipokatwa karibuni. Akakunja kiuno cha suruali nje, akapitisha kidole kwenye mishono yangu, mmoja, wa pili, wa tatu. Mimi nimeshona miaka mingi, sijawahi kuona mtu anasoma mshono namna ile.

"Vidonda vya tumbo," akasema.

Niliinama, nikamkunjia suruali miguuni isilowe.  

Kumbe hakuwa anajua. Watu huniambia sasa, kunifariji, "Mgonjwa huwa anajua, mama, moyoni huwa anajua." Hapana. Mimi niliuona uso wake. Alikuwa ananiamini, basi.

Fundi akasema atatengeneza kiti kingine, siku nne tu, bure. Mume wangu akamshika bega. "Asante, fundi. Usijisumbue. Ukitengeneza kingine, wiki ijayo nacho kitakuwa kikubwa." Akaomba blanketi lililokuwa kwenye pikapu, na kitenge changu nilichojitanda. Akavikunja, akavishindilia huku na huku, akakaa, akachukua kasia.

Alikaa majini mpaka jua likapita utosini. Alikwenda mbali, akashusha nanga, akatugeuzia mgongo. Fimbo ilikuwa kwenye kishikio, hakuigusa kwa muda mrefu. Niliogopa. Nilifikiri anaweza kujiachia tu upande mmoja, na nani angemlaumu? Nilimwita mara mbili, hakugeuka. Fundi alikuwa amesimama karibu yangu, nikamwambia anisamehe kwa yale matusi.

"Mama, mimi niliona," akasema. "Nilipima mutu ule, nikajua haiko mwenyewe. Ningekatala. Nilitaka kazi iishe."

Mume wangu alirudi na sato mmoja wa kiganja, akawapa wale wanawake waliokuwa wanafua. Alipanda pikapu mbele, kati yangu na mdogo wake. Tulipofika lami akauliza, "Daktari alisema muda gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu cha kulinda, hata lile neno la safari.

"Alisema nisafiri."

"Alisema."

"Wakati miguu ina nguvu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniletea rangi nichague."

Akamwambia shemeji asimamishe gari. Akashuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akampigia dada yake. Sikutaka kusikia na nilisikia. "Dada, mimi ni mgonjwa. Si wa kupona, dada." Na ule ukunga niliouogopa miezi yote mitano ukatoka kwenye simu, mrefu, mpaka mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita akageuka. Mume wangu alifumba macho akausikiliza. Hakumnyamazisha. Mabega yake, ambayo nilikuwa nayaona yamekaza tangu asubuhi, yakashuka. Kumbe mtu anaweza kuwa na kiu ya kuliliwa. Mimi nilimpa kila kitu, nikamnyima hicho.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari, mimi na yeye, wote ndani. Safari daktari akaikataa, ya basi na hata ya ndege. Miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Dada naye magoti yalikuwa yamekwisha na hakuwa na hati ya kusafiria, akaanza kuitafuta. Kila siku walikuwa wanaongea kwa simu ya picha. Alimwonyesha bustani yetu, alimwonyesha kayaki iliyoegeshwa ukutani. Dada alilia kila mara, kisha wakacheka, kisha akalia tena.

Kwangu hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali, ningemjibu, mimi ugomvi nauweza. Alikuwa na adabu. Nikimletea maji alisema "asante." Huyu ni mtu ambaye miaka yote nikimpa maji aliniambia, "Haya, yana sumu ngapi leo?" Utani ulikatika siku ile ya ziwa. Nilikuwa namchokoza kama mtoto, namwambia Kiswahili chake cha redio kimeisha betri, naye anatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mgeni. Nilikuwa najifungia jikoni nalia kwa hilo.

Mara moja tu aligusia. Nilikuwa namkanda miguu. Akasema, "Ungeniambia, ningekasirika wiki moja. Ningekutukana, ungenitukana. Halafu tungepanda basi wote wawili."

Nikamwambia, "Nilidhani nakulinda."

"Najua," akasema. "Kanda na huu mwingine."

Alifariki hati ya dada yake ikiwa bado haijatoka.

Wifi alifika siku ya kuondoa msiba. Alisafiri na magoti yale, akateremka garini akiwa ameshikwa huku na huku. Nilitegemea atapiga kelele, nilijiandaa. Hakupiga. Alikuwa ameshamaliza kulia kwenye simu. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, akala kidogo, akasalimia watu, akasubiri mpaka jamaa walipotoka nje kwenye vinywaji. Tukabaki mimi, yeye na shemeji. Akaniita nikae karibu.

"Wifi," akasema, "mdogo wangu alijua lini?"

Shemeji akainua macho. Najua angenisaidia kama ningedanganya. Ilikuwa rahisi: madaktari walichelewa, ugonjwa ulijificha, tuligundua wote siku moja. Nani angebisha?

"Alijua siku ileile aliyokupigia," nikasema.

"Na wewe?"

"Miezi mitano kabla."

Alinyoosha miguu yake mkekani, akapapasa magoti, moja kisha jingine. Hakuinua sauti.

"Miezi mitano," akasema. "Mimi nilikuwepo, wifi. Miezi yote hiyo nilikuwa nyumbani, nimekaa tu."